Historia ya masomo yetu na wale wanaoiandika

Wakati wa mapumziko, nyuma ya chakula cha jioni, shemasi mmoja alinifuata mbele ya kanisa na kitabu mkononi. Kilikuwa kitabu cha Kita Kyankenge Masandi juu ya ukoloni na masomo katika Zaire mbele ya mwaka 1960, kilichochapwa Bukavu mwaka 1982. Akaniuliza: «Padri, humu wanasema kwamba masomo ya misioni yalikuwa chombo cha kutawala watu. Babu yangu alikuwa katekista miaka 41. Basi alikuwa chombo cha nani?»

Sikumjibu palepale. Nilimwomba aniachie kitabu siku chache. Nilikuwa nimekwisha kukisoma katika seminari kubwa, lakini nilikisoma kama wanafunzi wanavyosoma, kwa kutafuta maneno yatakayoulizwa siku ya mtihani. Sasa nimekisoma tena, pamoja na vingine vilivyotoka nyuma yake, na jibu langu limekuwa refu kupita mazungumzo ya mbele ya kanisa. Kwa hiyo ninaliandika hapa, wandugu, na ninyi mtaona kama lina nguvu.

Zamani historia ya masomo ya inchi yetu iliandikwa na watu wa namna mbili. Wamisioni waliandika kwa ajili ya jubilei: mwaka fulani watoto kumi walikaa chini ya mti, leo wako elfu, Mungu asifiwe. Wakubwa wa Serikali waliandika taarifa za kupeleka Bruxelles: masomo mangapi, walimu wangapi, frangi ngapi. Wote wawili walikuwa wakihesabu. Hawakukosa, lakini hesabu haisemi mtoto alitoka na nini kichwani. Wakati wa uhuru na nyuma yake wakaja wachunguzi wengine. Barbara Yates, wa Marekani, alitazama kazi ya misioni zote, za Wakatoliki na za Waprotestanti, tokea mwaka 1876 mpaka 1908. Kisha akaja Kita, mtu wa inchi. Hawa waliuliza swali jipya: masomo yale yalimfaa nani?

Swali hilo ni la haki, na sisi mapadri tusilikimbie. Tuchukue mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Papa na Leta ya Leopold wa Pili. Leta iliahidi kila misioni hektari 100 mpaka 200 za udongo. Misioni ziliahidi kufungua masomo, zaidi ya kilimo na ya kazi za mikono, na kuonyesha programu kwa Gavana Mkuu. Wenyeji wa udongo ule hawakutia sahihi pahali po pote. Tuchukue tena mapatano ya miaka ya 1925 na 1926. Serikali ilikubali kulipa masomo ya misioni zilizoitwa «za taifa», maana yake za Wabelgiji, na mwaka 1929 programu ikachapwa katika kile kitabu kidogo kinachojulikana mpaka leo kwa rangi yake ya manjano. Waprotestanti, kwa kuwa wengi wao walitoka Uingereza, Marekani na Sweden, wakawekwa kando mpaka matengenezo ya mwaka 1948. Mtoto wa Kiprotestanti alikuwa mtoto wa Kongo kama mwenzake, na baba yake alilipa kodi ileile. Ndugu wengine katika nyumba zetu wanasema kwamba kusoma mambo haya kunapunguza upendo wa Eklezya. Mimi siamini. Tunawafundisha wakristu wetu kwamba anayeungama dhambi za jirani yake hajaungama.

Kwa hiyo sina neno baya juu ya swali la Kita. Neno langu ni juu ya njia yake. Akisha kusoma sheria, anafikiri amekwisha kuingia katika kalasi. Programu inataka watoto wafanye kazi ya shamba, basi watoto walilima, na kwa kulima walitayarishwa kuwa watumishi wa makompani. Pengine. Lakini kati ya meza ya Bruxelles na nyumba ya nyasi ya mwalimu wa Marungu kuna safari ndefu sana, na maneno mengi yalipotea njiani. Pahali pengine watoto walilima asubuhi nzima, tena shamba la mwalimu mwenyewe. Pahali pengine programu ya mwaka 1929 haikufika hata siku moja, kwani mwalimu hakuwa na kitabu kingine isipokuwa katekisimu. Mwenye kusoma sheria tu atawaandika wote wawili katika mstari mmoja.

Vilevile kuna usemi unaorudiwa kila wakati katika mambo haya: Wabelgiji walikuwa wakisema kwamba pasipo wasomi wakubwa hakuna matata. Ninauona mara nyingi, na sioni wakitaja nani aliyeusema, wapi, siku gani. Maana yake ni ya kweli kwa sehemu kubwa, kwani mpaka mwaka 1954, Lovanium ilipofunguliwa, kijana wa Kongo aliyetaka masomo marefu alikuwa na mlango mmoja tu, ule wa seminari. Lakini kwa mchunguzi, usemi usio na mwenyewe ni kama barua isiyotiwa sahihi. Tunaisoma, hatuipeleki mbele ya mwamuzi.

Ni katika Ubelgiji, na katika misioni moja ya Equateur, kwamba kazi iligeuka. Mwaka 1995 Marc Depaepe na Lies Van Rompaey walitoa kwa Kiflama kitabu kikubwa juu ya masomo katika Kongo ya Wabelgiji, tokea 1908 mpaka 1960. Katika jina lake waliweka neno la ulezi, ule ulezi wa mtu mzima anayehesabiwa kuwa mtoto. Kisha Jan Briffaerts akachunguza kalasi ndogo za misioni za Equateur kati ya 1925 na 1960. Alisoma barua za wamisioni na taarifa zao, akawasikiliza wanafunzi wa zamani. Lakini kazi inayonifurahisha kupita zote ni ya Padri Honoré Vinck, wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, pale Bamanya karibu na Mbandaka. Yeye alikusanya vitabu vya kusomea vya watoto, vile vidogo ambavyo wengine walivitupa vikisha kuchanika, akavitafsiri na kuvieleza.

Wengine watasema: ni ajabu gani? Ajabu ni hii. Wengi walioandika historia ya masomo yetu walijua Kifaransa tu. Lakini mtoto wa kalasi ya kwanza hakufundishwa kwa Kifaransa. Alifundishwa kwa Lomongo, kwa Lingala, kwa Kiluba, kwa Kiswahili. Sherti mtu ajue lugha hizo kwa kusikia mwalimu alisema nini. Vinck alisikia. Akatuonyesha, ukurasa kwa ukurasa, ginsi hadithi ya usafi inavyogeuka kuwa hadithi ya utii, na ginsi Mzungu anavyosifiwa katika somo lililoanza na habari ya watumwa. Kusoma mambo yale kunachoma kidogo. Wengine katika walioandika vitabu vile walikuwa mapadri waliopenda watu wetu kweli, nao walijifunza lugha zetu kuliko sisi wengine tunavyozijua leo.

Lakini hapa pia ninataka kusimama. Kitabu kusema ni jambo moja, mtoto kusikia ni jambo lingine. Katekista mmoja mzee wa kando ya ziwa, anayekaribia miaka 90, alinieleza somo moja la kusoma juu ya faida ya kodi. Watoto waliliimba kwa sauti moja, vizuri kabisa, na mkaguzi alipokuja akafurahi. Jioni, mzee alisema, watoto walewale walicheza mchezo: mmoja alikuwa askari wa kodi, wengine walikimbia kujificha katika mihogo. Wimbo wa kusoma ndio waliouimba wakikimbia. Nikimpa mchunguzi kitabu kile bila mchezo ule, ataandika kwamba watoto walifundishwa kupenda kodi. Briffaerts aliiona hatari hiyo, ndiyo sababu aliwatafuta wazee. Wengi hawaioni.

Tena kuna jambo la pahali. Kwa sababu nyaraka za Bamanya zilitunzwa vizuri, Equateur imekuwa dirisha la kutazamia Kongo nzima. Upande wetu wa mashariki ulikuwa na njia yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha ginsi Kiswahili kilivyochukuliwa na wakubwa wa Katanga kwa kuamuru kazi, lakini alitazama zaidi sarufi na vitabu vya maneno, si benchi la watoto. Kwetu Mapadri Weupe walifika ziwani mbele ya Leta yenyewe kuwa na nguvu. Walipewa Mpala mwaka 1885, walianzisha Baudouinville mwaka 1893, na kwa sheria ya Kardinali Lavigerie walimweka kila mwenye kuomba ubatizo katika mafundisho ya miaka minne. Miaka minne! Watu wazima na watoto walikaa, wakasikiliza, wakaulizwa, wakajibu, na wengi wakajifunza kusoma. Ninathubutu kusema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa masomo makubwa kupita yote katika pande zetu. Wachunguzi hawayahesabu sana, kwa sababu hayakuwa na programu iliyochapwa wala mkaguzi wa kuandika taarifa.

Na katika masomo hayo alitoka Stefano Kaoze. Kila mseminari anajua kwamba alipewa upadri Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Wachache wanakumbuka kwamba miaka sita mbele ya hapo, akiwa mseminari bado, maandiko yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalikuwa yamekwisha kutoka katika La Revue congolaise. Wachunguzi wanagombana juu yake. Wengine wanasema: tazameni, Mkongo wa kwanza kuandika mawazo yake kwa Kifaransa na kuyachapa! Wengine wanajibu kwamba anasema maneno ya walimu wake tu. Mimi naona kwamba pande zote mbili wanasoma haraka. Ni kweli alichukua vyombo vya falsafa aliyofundishwa, akili na nia na vingine. Lakini alivichukua kwa kupima watu wake mwenyewe, watu aliokula nao, na aliwaandikia Wazungu waliozoea kupima bila kuuliza. Monsinyori Roelens hakuanzisha seminari kwa kupata mwandishi wa namna ile. Alitaka mapadri. Masomo yalitoa kitu kisichoandikwa katika programu, na kitu hicho historia ya sheria haiwezi kukiona.

Jambo hili linagusa hata hesabu mashuhuri ya mwaka 1960. Kila kitabu kinarudia kwamba siku ya uhuru Kongo ilikuwa na wenye diplome ya chuo kikuu wachache sana, ukiwahesabu kwa vidole unamaliza upesi. Ni kweli, na ni aibu ya waliotawala. Lakini siku ileile mapadri wa Kongo walihesabiwa kwa mamia, na kila mmoja alikuwa amepita miaka mingi ya falsafa na teolojia. Hawamo katika hesabu. Sisemi wangetawala inchi. Hiyo haikuwa kazi yao. Nasema tu kwamba mwenye kuandika historia ya masomo sherti aeleze kwa nini anawaacha nje, wala asiwaache kwa kusahau.

Sasa, babu wa shemasi wetu. Kwa kumjibu, nilitafuta makaratasi. Masomo yetu yalichukuliwa na Serikali mwisho wa mwaka 1974, yakarudishwa kwa mkataba wa Februari 1977, na katika kuhama kwa ofisi mara mbili mengi yalipotea. Katika parokia moja nilionyeshwa sanduku la madaftari: mchwa walikuwa wamekula nusu, na nusu nyingine mpishi alikuwa anawashia moto. Sikukasirika na mpishi. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini ninyi mnaokwenda likizo katika parokia zenu, ulizeni sanduku liko wapi mbele ya mpishi kuuliza kiberiti. Diario za Mapadri Weupe ziliandikwa kila siku, na wachunguzi wanazisoma Roma. Daftari la mwalimu wa kijiji halikuwa na nakala.

Katika yaliyobaki nilikuta moja la kijiji cha katekista yule. Kalamu ni ya mtu asiyekaa mezani sana, mistari inapanda. Aliandika majina, siku, na mwishoni, pahali programu haikumwomba kitu, alijichorea safu moja kwa mkono wake: sababu ya kutokuja. Analinda ndege katika mpunga. Amekwenda ziwani na kaka yake. Mama yake amejifungua. Huyu ameogopa swali. Huyu hana nguo, nimempa yangu, atakuja kesho.

Nilimpa shemasi daftari lile. Alisoma safu ile yote, akarudi juu, akatazama kama kesho yake mtoto alikuja. Alikuja.