Mwanga Kwanza: Namna ya Kupima Mchoro wa Haraka wa Kidijitali

Ukiletewa mchoro wa haraka uliochorwa kwenye kompyuta, usianze kuutazama ukiwa umejaa skrini. Upunguze mpaka upana wake ulingane na kidole gumba, kisha angalia jicho lako linatua wapi. Uliopangwa vizuri bado utasomeka: mbingu utaijua, ardhi utaijua, na kinachozungumziwa utakiona bila kukitafuta. Uliotegemea madoido ya brashi utabaki ukungu mtupu.

Baada ya hapo uondoe rangi. Programu ya Photoshop inaweza, na Krita, ambayo ni ya bure, inaweza pia. Sijui kipimo kingine kinachofichua mengi kama hiki, maana rangi tamu humfumba mtazamaji macho. Mchoro bora wa nusu saa au saa moja huwa na makundi matatu ya giza na mwanga, pengine manne, na kila kundi hukaa mahali pake. Tazama hasa ndani ya vivuli. Kanzu nyeupe iliyo kivulini haipaswi kung'aa kuliko ukuta wa kijivu unaopigwa na jua kali. Mchoraji akiipandisha kwa sababu tu anajua kanzu ni nyeupe, kivuli kizima kinavunjika na jua linapoteza nguvu.

Halafu tafuta mahali ambapo giza na mwanga vinakabiliana kwa ukali zaidi, na ambapo kingo zimekatwa kali kuliko kwingine. Pawe pamoja, na pawe penye kiini cha mchoro. Kwingineko kingo zilegee, na baadhi zipotee kabisa, bega liingie kwenye giza la nyuma yake bila mpaka. Mchoraji aliyekata kila ukingo kwa ukali uleule hajachagua lolote. Kanuni ya theluthi, yaani kuigawa picha mara tatu ili kujua pa kuweka kiini, iliyopewa jina na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, inamfaa anayeanza. Ila mchoro usio na mpango wa mwanga haiuokoi.

Wengi hudhani uharaka huu ulizaliwa na kompyuta. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake cha mwaka 1800, aliwashauri wachoraji wa mandhari wasizidishe saa mbili kwenye zoezi moja la nje, na wakati wa macheo au machweo wasizidishe nusu saa. Sababu yake ilikuwa jua lenyewe: likishasogea, vivuli ulivyoanza navyo havipo tena. Mwingereza John Constable alichora mawingu pale Hampstead mwaka 1821 na 1822, na nyuma ya michoro mingi akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Hao ndio wazee wa kazi hii. Mmarekani Craig Mullins, aliyeichukua mbinu hiyo akaipeleka kwenye kompyuta kwa ajili ya filamu na michezo ya video, anaheshimiwa kwa jambo lilelile: ukikaribia unaona mabaka ya brashi tu, ukirudi nyuma unaona meli, watu na saa ya siku. Kwa hiyo mtu akikuambia alimaliza kwa dakika 20, mpongeze, lakini uliza kwanza ni saa ngapi ndani ya mchoro wake. Kama huwezi kujibu kwa kutazama vivuli, hizo dakika 20 hazijazaa kitu.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili la vivuli linawahusu vijana wetu wa Dar es Salaam na Mombasa wenye kalamu na vibao vya kuchorea. Wengi wanajifunza kutoka kwa wachoraji wa kaskazini, ambako jua hushuka kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hukawia. Kwetu haukawii. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na jioni huzama karibu wima. Adhuhuri vivuli hujikusanya chini ya miguu na chini ya mapaa, na nuru inayojaza vivuli hivyo hutoka pande mbili: juu kwenye anga ya buluu, na chini kwenye mchanga, udongo mwekundu au kuta za chokaa. Basi angalia sehemu zinazotazama chini: dari ya baraza, kidevu, tumbo la ngalawa iliyopandishwa ufukoni. Mchoraji mzuri atakuwa ameziwekea joto la ardhi, na pale panapotazama anga ataacha ubuluu. Ukikuta weusi uliokufa, ujue alitandaza leya (tabaka la mchoro) moja nyeusi juu ya kila kitu akaiita kivuli. Mchoro unaothubutu kuonyesha adhuhuri yetu kwa ukweli naupa heshima kubwa kuliko machweo kumi ya kuiga.

Umbali nao upimwe kwa giza. Hewa yenye unyevu huanza kwa kuyaosha yaliyo meusi, yakawa hafifu na ya buluu. Kilima cha mbali chenye weusi sawa na mkoko wa karibu kitakuja mbele, hata kikichorwa kidogo namna gani.

Mng'ao unahitaji ukali wa pekee. Zipo modi za leya zinazong'arisha rangi kwa mpapaso mmoja, na zinavutia sana. Lakini weupe wa skrini una kikomo. Taa haiwezi kupita hapo. Kinachoifanya ionekane inawaka ni giza la jirani zake. Ziba mng'ao kwa kidole. Kama mahali hapo bado panavuta jicho, mchoraji aliujenga mwanga tangu chini.

Vipande vya picha za kamera kubandikwa ndani ya mchoro ni jambo la kawaida kwenye kazi za filamu, nami silipingi. Linganisha tu upande ambao vivuli vyao vinaanguka.

Ukipata video ya mchoro ukitengenezwa, isimamishe kwenye robo ya kwanza. Upande wa mwanga uwe umeshaamuliwa, makundi ya giza yawe yameshakaa, hata kama hakuna dirisha wala uso uliochorwa. Kama mwanga unafika kwenye robo ya mwisho, ukimwagwa kwa leya ya juu kabisa, punguza alama hapo hapo.