Alijibu shtaka ambalo hakusomewa

Mkasa wa ndugu yetu wa Barking mnaufahamu. Barua yake na jibu alilopewa zilitoka hapa toleo lililopita, kwa hiyo sitausimulia upya. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: alikuwa na turufu mkononi akaifutika mfukoni. Swansea, ofisi ya usajili na kodi ya magari ya Uingereza, hawakumshinda. Alijishinda mwenyewe aliposhika kalamu na kufungua barua yake kwa kusema kwamba gari halijatoka uani tangu giaboksi ife.

Nani alimuuliza?

Notisi aliyoletewa ni ile tunayoizoea, LLP, yaani faini ya kuchelewa kodi ya gari, pauni 80, zinazoshuka hadi 40 ukilipa ndani ya siku 33. Isomeni tena. Hakuna mahali inaposema gari lilionekana barabarani, hakuna kamera, hakuna askari, hakuna jina la mtaa. Inasema kitu kimoja tu: tarehe fulani gari hili lilikuwa halina kodi wala SORN (tangazo kwamba gari halitumiki barabarani), na wewe ndiye mwenye jina kwenye daftari. Hivyo ndivyo mambo yalivyo tangu Januari 2004. Kabla ya hapo walilazimika kulikuta gari njiani. Baada ya hapo kompyuta inasoma daftari, na deni linamfuata mwenye jina kwenye V5C, cheti cha usajili, hata kama gari lenyewe limegeuka banda la kuku. Miaka ishirini na zaidi imepita, na bado kila mwezi napokea barua za watu wanaojitetea kana kwamba tuko 2003.

Kazi nzuri ilikuwapo, nisiwe mchoyo: alijaza V890, fomu ya SORN, kabla kodi haijaisha, akaipiga picha, akadai risiti ya posta, na notisi ilipokuja hakuitupa. Haya, turudi kwenye barua.

Ina kurasa mbili. Wa kwanza wote ni habari za gari: giaboksi, matofali chini ya ekseli, magurudumu yaliyotolewa, nyasi zilizofika mlangoni, jirani aliye tayari kuapa. Picha ameambatanisha, nzuri kabisa, moja inaonyesha hadi kutu ya diski za breki. Ukurasa wa pili unaanza na gharama za maisha, unapita kwenye miaka aliyolipa kodi bila kukosa, na mwisho kabisa, baada ya shukrani, ndipo panasemwa kwamba hata hivyo fomu ya SORN aliituma. Risiti ya posta hakuiambatanisha. Ilibaki nyumbani!

Mtu anayesoma mabarua siku nzima ataisomaje hiyo? Ataona mdaiwa anayekiri kwamba gari ni lake, anayekiri halikuwa na kodi, na anayejitetea kwa jambo lisilomo kwenye notisi. Atafungua daftari, hataona SORN, atajibu kwamba faini inabaki. Ndivyo ilivyokuwa. Ndugu yetu akalipa pauni 40 ili yaishe, kisha akatuandikia sisi kulalamika. Mimi kwa jibu lile sina ugomvi, maana hakuna aliyeulizwa swali gumu.

Hoja ya uani si mbovu, ila ina mahali pake. Ukishtakiwa chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya kodi na usajili wa magari ya 1994, kile cha kutumia au kuweka gari lisilo na kodi, ukidaiwa kwamba lilikuwa kwenye barabara ya umma, au ukiandikiwa ile suluhu ya nje ya mahakama ya pauni 30 pamoja na kodi unayodaiwa mara moja na nusu, hapo toa picha zako zote, mlete na jirani. Uani si barabara ya umma, na hapo hoja hiyo inajibu ulichodaiwa. Vivyo hivyo kwa mnyororo wa gurudumu: wana ruhusa ya kulifunga gari hata nje ya barabara, lakini si ndani ya kiwanja cha nyumba unayoishi. Kwenye LLP picha hizo hazina kazi. Zinathibitisha tu kwamba ulistahili kutangaza SORN, nao hawakuuliza kama ulistahili. Waliuliza kama ulitangaza.

Na jibu la swali hilo lilikuwa kwenye droo yake. Nimeiomba picha ya ile risiti nikaikuza. Ni karatasi nyembamba ya posta yenye tarehe, saa, jina la tawi, na msimbo wa posta wa barua inakokwenda: SA99 1AR. Huo ndio msimbo wa V890. Tarehe ni kabla ya siku ya mwisho ya kodi yake. Risiti kama hiyo haigharimu hata senti, unaiomba dirishani wakati barua inagongwa muhuri. Fomu iliishia wapi baada ya hapo hakuna ajuaye, na kwa hoja yetu si lazima mtu ajue.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Tafsiri ya 1978 kinasema, kwa ufupi, kwamba pale sheria inaporuhusu waraka kupelekwa kwa posta, ukiandika anwani sawasawa, ukalipia stempu na kuutuma, waraka huo unahesabiwa umefika kwa muda wa kawaida wa posta mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Kusema "hatuioni kwenye daftari" ni ushahidi dhaifu wa kwamba haikufika. Sisemi ni hoja inayoshinda kila siku. Watakuambia kanuni za usajili wa magari za 2002 hazikulazimishi kutumia posta, watakuambia ilikupasa upige simu wiki nne zilipopita bila barua ya kukiri wameipokea. Ni hoja za kubishaniwa, na hilo la wiki nne lina uzito, maana hakupiga. Lakini unapolibishania hilo uko kwenye mchezo. LLP ni deni la madai. Ukikataa kulipa wanakukabidhi kwa wakusanya madeni au wanakupeleka mahakama ya madai, na huko hakimu anapima kipi kinaelekea kuwa kweli zaidi. Mtu mwenye risiti yenye msimbo sahihi, picha ya fomu na tarehe zinazofuatana si mtu wa kupuuzwa pale.

Wazee wetu walilijua hili la kujibu ulichoulizwa tu. Msomaji mkongwe wa safu hii atamkumbuka yule baharia mstaafu wa East Ham aliyekuwa akiwaandikia watu barua zao sebuleni kwake, chai ya tangawizi pembeni. Hakuwahi kuvuka sentensi nne. Alikuwa akimuuliza mtu kwanza, "Wanadai nini?", na mtu akianza kusimulia habari za gari alimnyamazisha. Na karatasi walizitunza, maana SORN ilipoanza, Januari 1998, ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Kila mwaka unatangaza upya, kila mwaka unasubiri barua ya kukiri, kila mwaka unaifungia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine. Usumbufu ule uliwafundisha watu adabu ya karatasi. Desemba 2013 wakaifanya isiyo na mwisho, tukashangilia, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kuwa ile barua inatakiwa kurudi. Oktoba 2014 wakaondoa na kile kiduara cha kodi cha kiooni kilichokuwapo tangu 1921, na hapo hata macho yakakosa cha kuangalia.

Hilo la Oktoba 2014 nimelisema mara nyingi na nitalisema tena: siku hiyo hiyo kodi iliacha kuhama na gari. Muuzaji anarudishiwa miezi kamili iliyobaki, mnunuzi analipa tangu mwanzo wa mwezi aliponunua, na mwezi ule mmoja unalipwa na watu wawili. SORN nayo haihami. Unanunua gari bovu kwa nia ya kulitengeneza pole pole, muuzaji anakuhakikishia lina SORN, unalivuta kwa lori hadi kwako, na siku ile ile wewe huna SORN. Nusu ya barua ninazopokea zinatoka hapo.

Wenzetu Tanzania walilimaliza tatizo hili kwa bajeti moja. Mwaka 2017 Dkt. Philip Mpango alifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, akaongeza shilingi 40 kwa lita ya mafuta. Gari lisilotembea halinywi mafuta, kwa hiyo halidaiwi, na hakuna anayehitaji kumtangazia mtu kwamba gari lake limelala. Najua kodi ya hapa inahesabiwa kwa moshi na mwaka wa usajili, najua magari ya umeme yanavuruga hesabu za mafuta. Hata hivyo.

Kuna aliyeniuliza kwa nini ndugu yetu asingekataa tu na kusubiri mahakama ya jinai, ajieleze mbele ya mtu. Mbele ya nani? Tangu 2015 kesi za jinai za kodi ya gari zinapita kwa utaratibu wa hakimu mmoja, ofisini, bila mshtakiwa kuwapo. Unapewa siku 21 kujibu. Ukiweka alama kwenye "nakiri kosa" kisha ukaandika ukurasa mzima wa maelezo ya kusikitisha, umeshakiri. Waandishi wa habari wa London wameonyesha kesi nyingi ambamo barua hizo za maelezo hazikusomwa na upande wa mashtaka kabisa kabla ya hukumu. Mwenye ushahidi anakana kosa, na hapo ndipo kesi inapangiwa kusikilizwa.

Barua iliyotakiwa ilikuwa hii. Nambari ya gari. Kwamba tarehe fulani, kodi ikiwa bado hai, nilituma V890 kwa posta kwenda SA99 1AR. Nakala ya fomu na ya risiti ya posta zimeambatanishwa, za asili ninazo. Kwamba kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Tafsiri ya 1978 tangazo hilo lilifika kwa muda wa kawaida, na naomba notisi ifutwe. Kwamba msipokubali, nitajitetea kwa karatasi hizi hizi mahakama ya madai. Basi. Giaboksi haitajwi.

Kuna jambo la pili ambalo halikuguswa katika barua yake, nalo linanitia wasiwasi kuliko zile pauni 40. Kulipa LLP hakukupi SORN. Daftari bado linasema gari hili halina kodi wala tangazo, na bima aliifuta mwezi ule ule akiamini SORN imeingia. Tangu 2011 gari lisilo na SORN linatakiwa kuwa na bima hata likilala, na notisi ya bima ni pauni 100. Angeweza kutangaza upya kwa intaneti siku aliyopokea notisi ya kwanza. Na atumie zile tarakimu 11 za V5C, si 16 za barua ya kukumbusha kodi, kwa sababu za V5C zinaanza kazi papo hapo na zile nyingine zinasubiri tarehe mosi ya mwezi unaofuata.

Juzi nimemuuliza kama ameshatangaza upya. Akaniambia anasubiri kwanza kuona safu hii itasema nini.