Hukumu ya Mashine

Msomaji, kazi ya mhakiki ni kupima. Shairi hulipima kwa mizani yake, na habari huipima kwa ukweli wake. Leo nakualika tumpime msimulizi mpya asiye na uso wala saini: mashine ya akili mnemba, ichaguayo habari uzisomazo katika simu, na pengine huziandika yenyewe.

Sifa zake si haba. Ni nyepesi, haichoki, na kwa dakika moja hukusanya mambo ambayo mwandishi angeyatafuta mwezi mzima. Lakini haikuzaliwa na maarifa. Imefundishwa kwa maandishi ya watu, na mwanafunzi hurithi chuki ya mwalimu pamoja na herufi zake. Ikiwa mengi iliyoyasoma juu ya Kisauni na Likoni ni visu na magenge, wala haikusoma juu ya wavuvi, mafundi na wanafunzi wa huko, je, itamweleza vipi kijana wa Kisauni? Itamweleza kama ilivyofundishwa. Asiye na hatia atavikwa jina baya, na jina baya hufunga milango ya kazi.

Sheria yasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, hukataza ubaguzi; kifungu cha 33 hutoa uhuru wa kusema, lakini hakikingi maneno ya chuki. Sheria ya Kashfa humfaa mtu aliyetajwa. Mtaa mzima ukisingiziwa, ni vigumu mkazi mmoja kushinda. Basi tusidhani kwamba kila jeraha lina dawa mahakamani.

Hata hivyo, mlango umefunguka. Novemba 2021 Meareg Amare, profesa wa kemia, aliuawa Bahir Dar, Ethiopia, baada ya maneno ya chuki juu yake kuenezwa katika Facebook. Desemba 2022 mwanawe na mwenzake, pamoja na Katiba Institute, waliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Walidai kwamba mashine yake hutanguliza maneno ya chuki kwa kuwa huvuta macho ya watu. Huo nao ni upendeleo: kupendelea kiwashacho kuliko kilicho kweli. Kampuni ilisema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama iliamua kuwa inayo. Uamuzi huo haukumtaja mwenye hatia. Ulisema tu kwamba shauri laweza kusikizwa hapa.

Jambo hilo si dogo. Mashine haipandi kizimbani, lakini mwenye mashine huweza kuitwa. Kadhalika, mhariri achapaye uzushi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mashine ndiyo iliyonena, kwani kalamu haikushtakiwa kamwe badala ya mwandishi.

Basi, kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, usomapo habari uliza: nani aliyeichagua, amemwacha nani nje, na nani atajibu ikiwa ni uongo? Habari isiyo na wa kuijibia usiipe imani yako.