Mshikamano wa Waalimu Hupimwaje?

Watu husema ya kuwa waalimu wetu wa Butembo na Beni wanapendana sana. Mmoja akifiwa, wenzake wote hutoa mchango. Mmoja akipata mtoto, sabuni na unga hufika nyumbani. Ni vema, nasi twawasifu. Lakini je, hayo yatosha kuwa kipimo?

Wataalamu wana kipimo chao. Tangu Mmarekani Rensis Likert alipoeleza njia yake mwaka 1932, mtu hupewa karatasi yenye maneno kama haya: "Wenzangu kazini hunisaidia." Naye huchagua namba, toka moja hata tano, kuonyesha akubali au akatae. Kisha namba zajumlishwa. Njia hiyo ina faida yake, maana yaweza kulinganisha shule na shule. Ila twaona kasoro tatu.

Ya kwanza ni woga. Mwalimu aliyepewa karatasi na mkurugenzi wake hataandika ya kuwa nyumba ina ufa. Ya pili, karatasi huwauliza waliobaki tu. Aliyeacha chaki akaenda kulima kwa sababu ya njaa hahesabiwi. Ya tatu ndiyo kubwa: wastani humficha aliye wa mwisho. Waalimu tisa wakiandika tano, na wa kumi akiandika moja, wastani ni 4.6, na wote hufurahi. Kumbe huyo wa kumi ndiye aliyepaswa kuulizwa kwanza.

Ni nani huyo? Tangu miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokuwa si kitu, wazazi ndio waliowalisha waalimu kwa mchango ulioitwa primu. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinavyoagiza. Ilikuwa haki ya watoto. Lakini mwalimu wa shule ya msingi asiyeandikwa katika orodha ya Serikali alipoteza primu, wala mshahara hakuupata. Jirani yake wa sekondari aliendelea kupokea mchango wa wazazi. Tena, tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yamewakimbiza waalimu pamoja na wanafunzi wao, wakaomba nafasi katika shule za wengine.

Basi, atakaye kupima mshikamano aanzie kwa hao. Atazame daftari la likelemba: je, asiyelipwa amo, au chama ni cha wenye mshahara tu? Atazame darasa: je, mwalimu mkimbizi amepewa saa na ubao, au amewekwa mlangoni kama mgeni? Atazame pia madai. Katika mgomo wa Oktoba 2021 waalimu walidai nyongeza, wakadai na wasiolipwa waandikwe. Je, aliyeongezewa hurudi darasani akanyamaza, na mwenzake bado hajaandikwa?

Wala mtu asidhani ya kuwa unga wa wenzake ni badala ya mshahara. Deni la Serikali ni deni la Serikali, na upendo wa waalimu usitumiwe kulifunika.

Nanyi wazazi na wakuu wa shule, katika mkutano ujao wa waalimu, mwacheni asiyelipwa aseme kwanza. Neno lake litawapa kipimo cha kweli kuliko karatasi mia.