"Uchochezi": Istilahi Moja, Makosa Mawili

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazotumiwa kila siku magazetini, mahakamani na maofisini, "uchochezi" inastahili kuchunguzwa upya. Asili yake ni kitenzi chochea, yaani kusukuma kuni au kuvuruga makaa ili moto uzidi. Maana hiyo ya msingi haina ubaya wowote: mpishi huchochea moto, na viongozi hutuhimiza tuchochee maendeleo. Ubaya hutokana na kile kinachochochewa. Kwa hiyo istilahi ya sheria isiyokitaja ni nusu istilahi.

Dosari hii si ndogo, kwani neno hili hubebeshwa dhana mbili. Ya kwanza ni kuwahimiza watu watende jinai, hasa kuwadhuru wenzao. Ya pili ni kusema au kuandika kwa nia ya kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Nchini Tanzania, kosa hili la pili lilikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya 1976, kisha likaingizwa katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ingawa sheria zote mbili ziliacha nje maneno yanayoonyesha kuwa serikali imekosea. Msomaji anayekuta kichwa cha habari "Ashtakiwa kwa uchochezi" hawezi kujua kama mshtakiwa aliwataka watu wachinjane au aliilaumu wizara.

Wengine wamekwisha kuzitenganisha dhana hizi. Kenya ilifuta kosa la pili mwaka 1997. Katiba yake ya 2010, ibara ya 33, hailindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu mwaka 1998, ilitaka uchochezi wa mauaji ya kimbari uwe wa hadharani na wa moja kwa moja, na ikapima maneno kwa jinsi wasikilizaji wa lugha ile walivyoyaelewa. Nayo Mahakama ya Afrika Mashariki, mwaka 2019, iliona kuwa vifungu vya sheria ya 2016 kuhusu kosa la pili vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Hatudai kwamba istilahi ndiyo chanzo cha upendeleo katika kushtaki. Hata hivyo, neno lisilo na mpaka huupa upendeleo mahali pa kujificha. Kauli ile ile ikitoka kwa mmoja huitwa ukali wa siasa, ikitoka kwa mwingine huitwa uchochezi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tunapendekeza "uchochezi" usisimame peke yake katika hati rasmi: iandikwe "uchochezi wa ghasia" au "uchochezi wa mauaji". Kwa dhana ya pili itumike "kutia chuki dhidi ya serikali". Huenda mtafsiri akalalamikia urefu. Lakini mtu hufungwa kwa neno. Basi ni haki yake alijue neno lililomfunga. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.