Alama sawa, umeme tofauti

Mtu aliyechoshwa na kazi mpaka akaishiwa nguvu hulalamika kwamba hakumbuki, hatulii, anasoma barua moja mara tatu. Mpe jaribio la kumbukumbu, anaweza kupata alama sawa na mwenzake asiye na tatizo. Hapo wakubwa wake kazini wanaweza kuanza kumshuku.

Mtafiti Laura Sokka na wenzake wa Helsinki walikutana na hali hiyohiyo katika utafiti waliouchapisha 2016. Waliwavalisha washiriki elektrodi kichwani, wakawapa kazi ya kutazama na kukumbuka ambayo uzito wake ulibadilishwa, na papo hapo wakawapenyezea sauti za kuwavuruga. Katika kazi yenyewe makundi mawili, la waliochoka na la wasio na tatizo, yalilingana. Umeme wa ubongo haukulingana.

Kuupata umeme huo ni shughuli. Unaofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, na kupepesa jicho tu kunaufunika. Kwa hiyo tukio hurudiwa mara nyingi, vipande vya rekodi hupangwa kuanzia pale tukio lilipotokea, kisha hutafutwa wastani. Kelele za ovyo hufutana, jibu la ubongo hubaki. Lakini marudio 100 hupunguza kelele hizo mara 10 tu, ndiyo maana vikao ni virefu. Kwa mtu ambaye tayari amechoka, hilo si jambo dogo.

Katika kinachobaki mna P3, wimbi linaloinuka takriban milisekunde 300 baada ya tukio. Kwa waliochoka, wimbi la P3 la kushtukia sauti ngeni lilikuwa dogo. Lile la kumbukumbu lilipungua upande wa kisogo na kuongezeka upande wa mbele. Watafiti walipendekeza kwamba sehemu za mbele huenda zinafidia upungufu wa nyuma. Naikubali fidia hiyo kama dhana nzuri, si zaidi: umeme hutawanyika unapopita kwenye fuvu, na mahali unaponaswa si lazima pawe ndipo ulipotoka.

Tena tofauti hizi ni za wastani wa kundi. Haziwezi kumpa cheti mgonjwa mmoja aliyeketi kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe, katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linaihesabu hali hii ya kuishiwa kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Wala kipimo cha siku moja hakionyeshi kipi kilitangulia, uchovu au tofauti hizo za umeme. Kwa swali hilo inabidi watu walewale wapimwe kabla hawajaishiwa, na tena baada ya kupona, kwa kazi ileile na sauti zilezile.