Kazi ya Kuhesabu Madoa ya Jua

Madoa ya Jua ni sehemu ambazo uga wa sumaku umekaza hadi kuzuia joto lisipande kutoka ndani, ndiyo maana huonekana meusi. Anayeyahesabu hatazami Jua kwa jicho. Huielekeza darubini, akaipokea taswira kwenye karatasi nyeupe, kisha akachora kila doa: kiini cheusi na ukingo wa kijivu wenye nyuzinyuzi. Kila kundi lina thamani ya kumi, halafu hujumlishwa idadi ya madoa, hivyo doa moja likiwa peke yake huandikwa 11. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, Ujerumani, alianza kuyaandika mwaka 1826 akisaka sayari ambayo ingepita mbele ya Jua. Baada ya miaka 17 akatangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa zamu ya miaka kama kumi. Sumaku iliyomo ndani ya madoa iligunduliwa na mwanaastronomia George Hale mwaka 1908. Hesabu ilitangulia, maelezo yakafuata, na hapo ndipo ninapoiona heshima ya ufundi huu.

Mkulima wa Mpanda anayesubiri mvua ana haki ya kuuliza: hesabu hiyo inamfaa nini? Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa C.E.P. Brooks alionyesha kwamba Ziwa Victoria lilikuwa likijaa na kupungua pamoja na madoa, kwa vipimo vilivyoanza 1896. Haikupita miaka mingi, uhusiano huo ukavunjika. Wapo wanaosema hapo kazi hii iliumbuka. Mimi naona ilishinda, kwa sababu aliyemsahihisha Brooks ni daftari lilelile la madoa lililoendelea kujazwa. Karema, humu humu mkoani Katavi kama Mpanda, inaonya vivyo hivyo. Ngome ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1879 kando ya Ziwa Tanganyika iliachwa mbali na maji, na Jua halikuhusika: Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umebomoa kizuizi cha tope na mimea, ziwa likashuka.

Wengine watasema setilaiti zimeimaliza kazi hii. Lakini setilaiti zina miongo michache tu, na bila michoro ya kale tusingejua kwamba kati ya 1645 na 1715 Jua lilikaa karibu bila madoa. Nyota zinazofanana na Jua nazo zilidai subira hiyohiyo: mwanaastronomia Olin Wilson alianza kupima mwanga wao wa kalsiamu mwaka 1966, na hadi 1978 ndipo alipochapisha kwamba baadhi zina mizunguko yao.

Kiangazi cha Katavi kina miezi ya anga jeupe. Walimu wa sayansi wa Mpanda, anzisheni daftari hilo shuleni; darubini ndogo na karatasi vinatosha, na mwanafunzi yeyote asiruhusiwe kulitazama Jua moja kwa moja.